Mama alipata kiharusi kwa sababu ya AF: alama zimeshuka kutoka 5 hadi 4, je, hatari ya kiharusi cha pili imepungua?

Binti wa Kibaigwa (swali)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Naomba msaada wa kuelewa jambo moja ambalo limetugawa nyumbani.

Mama yangu ana miaka 68, anaishi nje kidogo ya Kibaigwa, na ana presha ya muda mrefu. Mwaka jana, asubuhi moja, alikuwa uani anapepeta uwele, ungo ukamponyoka mkono wa kulia, na tulipomwita akageuka kututazama lakini akashindwa kutamka jina langu. Tulimfikisha hospitali mjini Dodoma siku hiyo hiyo. Kipimo cha kichwa kilionyesha kiharusi cha mshipa ulioziba, si cha damu iliyovuja, na kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha kitu ambacho kwenye faili kimeandikwa AF. Tulielezwa kuwa vyumba vya juu vya moyo vinapapatika ovyo badala ya kusukuma damu kwa mpigo mmoja. Alianzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Leo anatembea kwa fimbo, na maneno yamerudi isipokuwa anapochoka.

Daktari aliyemruhusu aliandika kuwa mama ana alama 5 katika kipimo kinachoitwa CHA2DS2-VASc, cha kukadiria hatari ya kiharusi kwa mwenye AF. Mwezi uliopita tulihudhuria kliniki nyingine, na daktari wa huko akaandika alama 4. Siku hiyo hiyo kipimo cha umeme wa moyo kilisomeka kawaida. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam amehitimisha kwamba hatari imeshuka, moyo umetulia, na hakuna sababu ya mama kuendelea kusafiri kwenda kutolewa damu kwa ajili ya dawa ambayo yenyewe inaweza kumvujisha damu. Mimi moyo wangu unakataa, ila sina hoja ya kumjibu.

Nimesoma pia kwamba alama 5 ni sawa na hatari ya asilimia 6.7 kwa mwaka, kwingine nikakuta asilimia 7.2. Je, kuna njia ya kujua kwa uhakika kama mama yangu mwenyewe atapata kiharusi kingine?

Daktari wa Magonjwa ya Ndani, Dodoma

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Nianze na jambo lililowagawa, kwa sababu lina jibu fupi: hatari ya mama haijashuka. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu.

Katika kipimo kile, mama anapata alama 1 kwa presha, 1 kwa kuwa na umri kati ya miaka 65 na 74, 2 kwa kuwa amewahi kupata kiharusi, na 1 kwa kuwa ni mwanamke. Jumla ni 5. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 uliiondoa ile alama ya jinsia, hivyo mgonjwa yule yule, mwenye mwili ule ule, anasomeka 4. Madaktari wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa toleo analolitumia. Ningependa sana sisi madaktari tuwe tunaandika na jina la toleo kwenye faili, kwa sababu familia huwa zinasoma mafaili hayo na zina haki ya kuyaelewa.

Kuhusu kipimo cha umeme wa moyo kusomeka kawaida, mwambie kaka yako kwamba karatasi ile inarekodi takriban sekunde 10 za maisha ya mama. Mpapatiko huu kwa watu wengi huja na kuondoka. Unaweza kuwapo usiku na kutoweka asubuhi anapofika kliniki. Damu hutuama katika kijifuko kidogo kilicho pembeni mwa chumba cha juu cha kushoto, na humo ndimo madonge mengi hufanyika, kisha donge likichomoka husafiri na damu hadi kwenye ubongo. Mtu ambaye tayari amepata kiharusi kwa njia hiyo hatuachishi dawa kwa sababu mapigo yamesomeka vizuri siku moja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona halielezwi vya kutosha. Kazi kubwa ya alama hizi ni kutusaidia kuamua nani aanzishiwe dawa ya kuzuia damu kuganda, hasa miongoni mwa wale ambao bado hawajapata kiharusi. Mtu akishapata kiharusi, anaingia moja kwa moja na alama 2, na uamuzi wa dawa unakuwa umekwisha kufanyika. Kwake yeye, kuuliza kama ni 4 au 5 hakubadilishi chochote katika matibabu. Maswali yanayobadilisha matibabu ni mengine: je, dawa inafanya kazi katika damu yake? Presha imeshuka kiasi gani? Figo zikoje? Je, mishipa ya shingo ina mafuta yaliyoganda, maana mwenye mpapatiko anaweza kupata kiharusi kwa sababu nyingine kabisa?

Naomba utuambie mambo mawili. Kwanza, alifanyiwa eko, yaani kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, na kama ndiyo, waliandika nini kuhusu mlango wa mitrali, ulio kati ya chumba cha juu na cha chini vya upande wa kushoto wa moyo? Hapa kwetu bado tunaona wagonjwa wengi ambao moyo wao uliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, na mlango huo ukiwa umesinyaa kwa kiwango cha kati au kikubwa, kipimo cha alama hakitumiki kabisa: mgonjwa anahitaji dawa hata akiwa na alama sifuri. Pili, tuandikie majibu yake yote uliyonayo ya INR, kile kipimo cha damu kinachoonyesha warfarini inachelewesha kuganda kwa damu kiasi gani.

Mzee wa Mpwapwa

Binti yangu, pole. Mjomba wa mke wangu alikuwa na tatizo kama hilo akapewa aspirini, nayo haihitaji kupimwa damu wala nauli. Nauliza kwa nia njema: kwa nini mama asibadilishiwe apewe hiyo?

Daktari wa Magonjwa ya Ndani, Dodoma

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni la maana kwa sababu wagonjwa wengi bado wamekaa kwenye aspirini kwa tatizo hili. Majaribio mengi yalipojumlishwa, warfarini ilionekana kupunguza viharusi kwa watu wenye mpapatiko kwa karibu theluthi mbili, wakati aspirini na jamii yake zilipunguza kwa takriban moja ya tano tu. Kuna jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 1993 ambalo lilichukua watu waliofanana na mama huyu, yaani wenye mpapatiko na waliotoka kupata kiharusi kidogo au dalili za kiharusi zilizopita zenyewe. Kwa wasiopewa dawa ya kuzuia damu kuganda, wastani wa watu 12 kati ya 100 walipata kiharusi kila mwaka. Kwa waliopewa, walikuwa 4. Aspirini nayo huvujisha damu, hasa tumboni, na kwa wazee tofauti yake na dawa hizi nyingine katika hatari hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Mwalimu wa Takwimu

Naomba kuchangia upande wa hesabu, kwa kuwa aliyeuliza ametaja asilimia 6.7 na 7.2, na sasa daktari ametaja 12. Mtu wa kawaida akiona namba tatu kwa mgonjwa mmoja atadhani mtu fulani amekosea. Hakuna aliyekosea. Kila namba ni hesabu ya kundi fulani la watu lililofuatiliwa kwa namna fulani.

Asilimia 6.7 inatoka katika jedwali lililochapishwa kwenye mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2010, lenye wagonjwa 7,329. Jedwali hilo limenakiliwa kila mahali, lakini wachache hulisoma hadi mwisho. Ukishuka nalo utaona kwamba alama 6 ni asilimia 9.8, alama 7 ni 9.6, na alama 8 inarudi kuwa 6.7, sawasawa na alama 5. Je, ni kweli kwamba mtu mwenye maradhi mengi zaidi ana hatari ndogo zaidi? La hasha. Wenye alama 8 walikuwa watu 82 tu, na wenye alama 9 walikuwa 14. Kundi likiwa dogo kiasi hicho, viharusi viwili au vitatu vikizidi au kupungua, asilimia nzima inayumba. Asilimia 7.2 inatoka kwa wagonjwa wa Uswidi waliofuatiliwa kupitia kumbukumbu za hospitali wakiwa hawatumii dawa ya kuzuia damu kuganda. Na 12 inatoka kwa watu ambao wote walikuwa wametoka kupata kiharusi au dalili zake, ambao ndio wanaofanana zaidi na mama. Katika alama 5, mtu anaweza kuzifikisha kwa umri, presha, kisukari na moyo kushindwa kusukuma damu bila kuwahi kupata kiharusi hata kimoja. Jumla inakuwa ile ile, ila njia iliyomfikisha hapo ni tofauti, na kipimo hakiikumbuki njia.

Kuna jambo la pili. Uwezo wa kipimo kutofautisha watu huwa tunaupima hivi: chukua wagonjwa wawili, mmoja ambaye baadaye alipata kiharusi na mwingine ambaye hakupata, kisha uone kama kipimo kilimpa alama kubwa yule aliyepata. Kurusha sarafu kungekupa jibu sahihi mara 5 kati ya 10. Kipimo hiki hupatia mara 6, pengine karibu na 7. Kinasaidia kupanga watu katika makundi, lakini hakiwezi kumtazama mama mmoja wa Kibaigwa na kusema mwaka huu atapata au hatapata. Na ukikitumia ndani ya kundi la watu ambao wote wamekwisha kupata kiharusi, uwezo huo unabanwa zaidi, kwa kuwa kitu kizito kuliko vyote katika kipimo, yaani kiharusi cha awali, kila mmoja anacho.

Ndiyo maana watafiti wameongeza vitu vingine. Kuna kipimo cha ABC cha mwaka 2016 kinachotumia umri, historia ya kiharusi, na kemikali mbili za kwenye damu, troponini na NT-proBNP, ambazo hupanda moyo unapoumia au kuelemewa. Wengine hutazama ukubwa wa chumba cha juu cha kushoto kwenye eko, na wengine wamezifundisha kompyuta kusoma maelfu ya mafaili. Vingi vinatofautisha wagonjwa vizuri kidogo kuliko alama za zamani. Mimi naipenda kazi hiyo na ningetamani ifanyike kwa mafaili ya wagonjwa wetu wenyewe, kwa sababu kipimo kilichopimwa Uswidi au Marekani kinaweza kuwapanga wagonjwa wetu vizuri kwa mfuatano na bado kikakosea kiwango, kikasema 5 kati ya 100 mahali ambapo kwetu ni 10. Upimaji wa presha, upatikanaji wa dawa na umbali wa kliniki vyote vimo ndani ya namba ile bila kutajwa.

Binti wa Kibaigwa

Nawashukuru sana. Kaka amesoma majibu haya na amenyamaza, jambo ambalo kwake si dogo.

Eko alifanyiwa. Imeandikwa kwamba mlango wa mitrali haujasinyaa, na chumba cha juu cha kushoto kimepanuka. Presha kliniki ya mwisho ilikuwa 156 kwa 92. Majibu ya INR kwenye daftari lake ni haya: Novemba 2.1, Desemba 2.4, Januari 1.6, Februari 1.4 (hapo wakamwongezea dozi), Aprili 3.8, Juni 1.7. Mwezi Aprili fizi zilitoa damu kwa siku mbili. Nakumbuka alikuwa ametoka kuumwa tumbo, tukamnunulia metronidazoli duka la dawa. Juni vidonge vilikuwa vimekwisha siku kama tano kabla ya tarehe ya kliniki, na hatukutaka kwenda kabla ya siku yake.

Mfamasia wa Kliniki

Mdogo wangu, asante kwa kuandika daftari lile kama lilivyo, kwa kuwa ndani yake mna habari nyingi kuliko alama zote mbili ulizopewa.

Shabaha ya mama ni INR kati ya 2 na 3. Chini ya 2, kinga dhidi ya kiharusi inapungua haraka. Juu ya 3, hatari ya kuvuja inaanza kupanda. Kati ya vipimo sita, viwili tu viko ndani. Wataalamu wanataka mgonjwa awe ndani ya shabaha angalau asilimia 70 ya muda wake. Hivyo ule ulinzi wa theluthi mbili aliotaja daktari, mama hajaupata kwa ukamilifu wake. Kwa miezi mingi amekuwa akimeza vidonge, akisafiri, akichomwa sindano, huku akiwa amekingwa nusunusu. Ukiniuliza mimi kitu kinachotabiri kiharusi cha pili cha mama, nitakuonyesha Januari, Februari na Juni.

Tuyaangalie moja moja. Januari na Februari ni katikati ya mvua za Dodoma. Niambie kama nimekosea: mboga zilikuwa tele, na mama alikuwa anakula mlenda, majani ya kunde na mchicha karibu kila mlo, tofauti na Novemba? Majani mabichi yana vitamini K kwa wingi, na vitamini hiyo ndiyo ambayo warfarini inashindana nayo. Sikwambii mama aache mlenda. Kumnyima mama wa Kigogo mlenda ni kumnyima chakula chenyewe, na ni ushauri ambao najua hautafuatwa. Ninachoomba ni ulingane: kiasi kinachokaribiana wiki hadi wiki, na msimu wa mboga unapoanza au kwisha, INR ipimwe mapema ili dozi ifuate chakula.

Aprili sina mashaka nayo. Metronidazoli hupandisha sana nguvu ya warfarini, na mama alikuwa ametoka kuongezewa dozi, kwa hiyo vitu viwili viligongana. Kotrimoksazoli na flukonazoli hufanya vivyo hivyo, rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume chake, na diklofenaki au ibuprofeni ya maumivu ya magoti huongeza hatari ya kuvuja tumboni. Andika kwenye jalada la daftari, kwa kalamu nyekundu: ANATUMIA WARFARINI. Kila duka la dawa mtakaloingia, daftari litangulie mkononi kabla ya kutaja ugonjwa.

Juni ni jambo ambalo linaniumiza kila ninapolikuta, kwa sababu wagonjwa wetu huiheshimu tarehe ya kliniki kuliko dawa yenyewe. Vidonge vikibaki vya wiki moja, njooni. Hakuna mtu mwenye haki ya kuwarudisha kwa kuwa siku haijafika, na kama mtarudishwa, ombeni kuonana na mfamasia wa zamu. Akisahau kidonge akakumbuka siku hiyo hiyo, anywe. Akikumbuka kesho yake, aendelee na dozi ya kesho peke yake, asirundike viwili.

Na kutoka Februari hadi Aprili, baada ya kubadilishiwa dozi, hakupaswa kukaa miezi miwili bila kupimwa. Dozi ikibadilika, kipimo kirudiwe ndani ya wiki moja au mbili. Nafasi ya mwezi au zaidi ni ya mtu ambaye namba zake zimetulia.

Daktari wa Magonjwa ya Ndani, Dodoma

Nakubaliana na mfamasia neno kwa neno, na naongeza mawili. Kwanza, 156 kwa 92 si presha ya kuiacha hivyo kwa mtu aliyepata kiharusi na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Presha hiyo inaongeza uwezekano wa kiharusi cha kuziba, na pia cha mshipa kupasuka ndani ya kichwa, ambacho kikitokea mtu akiwa na warfarini mwilini huwa kibaya zaidi. Tunalenga iwe chini ya 130 kwa 80 kama mwili unavumilia. Ukitaka kujua ni wapi mtapunguza hatari haraka bila gharama kubwa, ni hapo.

Pili, kwa kuwa mlango wa mitrali hauna tatizo, mama anaweza kufikiriwa kwa dawa mpya zisizohitaji INR, kama apiksabani au rivaroksabani, baada ya kupima figo. Angekuwa na mlango uliosinyaa kwa baridi yabisi nisingezitaja: jaribio lililochapishwa mwaka 2022, ambalo wagonjwa wake walitoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, lilionyesha kuwa kwa wagonjwa wa aina hiyo dawa za jamii ya warfarini ziliokoa maisha zaidi kuliko rivaroksabani. Kwa mama, kikwazo ni bei, ambayo bado ni nzito kwa familia nyingi, na ukweli kwamba dawa hizi hutoka mwilini haraka: zile siku tano za Juni zingekuwa siku tano bila kinga yoyote. Msihamie huko kabla ya kuwa na uhakika wa fedha za kila mwezi. Na tafadhali msibadilishe kitu chochote kwa kusoma hapa. Haya ni mambo ya kumuuliza daktari wake mkiwa na daftari mbele yenu.

Binti wa Kibaigwa

Mfamasia, hukukosea. Januari mama alikuwa anakula mlenda mchana na usiku, na mpaka sasa kuna wa kukausha kwenye mtungi ambao alikuwa anautunza kwa ajili ya kiangazi.

Jana nimempigia kaka tukakubaliana. Yeye atalipia mashine ya kupimia presha nyumbani na nauli ya kupima INR kila wiki kwa mwezi mmoja, na mimi nitaandika namba za asubuhi na jioni. Jumatatu tunakwenda kliniki, ingawa tarehe yake ni ya wiki ijayo. Vidonge vimebaki vinane. Daftari nimeshaliandika kwa kalamu nyekundu. Mama amelichukua, akalisoma kwa sauti taratibu, silabi moja moja, hadi mwisho, kisha akauliza kama mlenda wake uko salama. Nimemjibu kwamba uko salama, ila kibakuli kitakuwa kile kile kila siku.